Wasomaji wanauliza: Kura za Marekani na ubishi wake

Swali: Usiku wa uchaguzi wa Marekani mwaka 2020 nililala Trump akiongoza Pennsylvania na Wisconsin. Baadaye Biden akampita na kuyachukua majimbo yote mawili. Kijiweni wenzangu wanashikilia kwamba kura ziliingizwa gizani. Naomba maelezo. *(Msomaji, Mwanza)*

Jibu: Kura hazikuingizwa usiku. Zilikuwapo tangu mchana, ila zamu yake ya kuhesabiwa ilikuwa haijafika.

Sheria ya Pennsylvania ilikataza kufungua bahasha za kura za posta, yaani zile zinazojazwa nyumbani na kurudishwa kwa barua, kabla ya saa moja asubuhi ya siku yenyewe ya uchaguzi, Novemba 3. Mwaka ule kura hizo zilipita milioni 2.6. Hebu fuata safari ya karatasi moja. Karani anasoma jina na tamko lenye sahihi juu ya bahasha ya nje, analilinganisha na daftari la wapiga kura. Bahasha inachanwa. Ndani yake kuna bahasha nyingine isiyo na jina, ya kulinda siri ya kura. Hiyo inawekwa kando, mbali na ile yenye jina, ndipo nayo ifunguliwe. Karatasi iliyorudishwa bila bahasha hiyo ya ndani haihesabiwi. Kisha karatasi inakunjuliwa na kunyooshwa, kwa sababu yenye mikunjo hukwama kwenye mashine. Aliyepiga kura kituoni hayapitii yote hayo. Kura yake inasomwa siku hiyohiyo, na jumla ya kituo inatoka usiku uleule.

Kwa nini basi kura za baadaye ziliegemea upande wa Biden? Kwa miezi kadhaa Trump alikuwa akiwaambia wafuasi wake wasiiamini kura ya posta, wakati Democrats, chama cha Biden, kwa hofu ya korona waliihimiza. Kila upande ulimsikiliza mtu wake, kwa hiyo kundi lililohesabiwa mwisho lilikuwa na rangi yake hata kabla halijafunguliwa.

Milwaukee, jiji kubwa la Wisconsin, ilihesabu kura zote za posta katika ukumbi mmoja na kupeleka jumla yake kwa mkupuo, takriban kura 170,000, mnamo saa tisa usiku. Ndiyo maana ule mchoro unaozunguka kwenye simu unaonyesha mstari wa kura za Biden uliopanda kama ukuta. Ohio ilikuwa kinyume: kura za mapema zilitangazwa kwanza, Biden akaonekana mbele, halafu kura za vituoni zikampa Trump ushindi wa takriban asilimia 8. Hakuna anayesambaza mchoro wa Ohio. Mtu akikuletea picha ya namna hiyo, muulize mambo mawili: ni kura za kaunti gani, na ni za posta au za kituoni? Asipoyajua hayo, picha yake haijathibitisha kitu.

Swali: Michigan mashine ziligeuza kura za Trump kuwa za Biden. Takwimu nimeziona mwenyewe. Mnasemaje? *(Msomaji, Mombasa)*

Jibu: Takwimu ulizoziona ni za kweli, ndugu yetu. Ni za kaunti ya Antrim, na tunakushukuru kwa swali hili kwa sababu linafundisha kuliko mengine yote.

Matokeo ya kwanza, yasiyo rasmi, yalimpa Biden kura 7,769 na Trump 4,509, katika kaunti ambayo Republican, chama cha Trump, hushinda kwa kawaida. Kosa lilianzia Oktoba. Karatasi za kura za baadhi ya maeneo zilifanyiwa marekebisho, na mpangilio mpya ukapaswa kuwekwa kwenye kila mashine. Nyingine zikasahauliwa, zikabaki na mpangilio wa zamani. Kituoni hazikukosea, zilisoma karatasi zilizo mbele yake sawasawa. Lakini kompyuta ya kujumlishia ya ofisi ya kaunti, iliyokuwa na mpangilio mpya, ilipopokea matokeo ya zamani ikayasoma mstari usio wake, na kura za mtu mmoja zikaangukia jina la mwingine.

Wasimamizi waligunduaje? Kila mashine, kituo kinapofungwa, huchapisha utepe mrefu wa karatasi wenye jumla ya kila mgombea, kama risiti ya dukani. Walirudi kwenye tepe hizo, wakazilinganisha na kompyuta, wakasahihisha. Matokeo yaliyoidhinishwa yakawa Trump 9,748 na Biden 5,960. Desemba 17 karatasi zote zikahesabiwa kwa mkono: Trump 9,759, Biden 5,959. Pengo la Trump liliongezeka kwa kura 12 tu.

Msomaji wa Kenya ataielewa tepe hiyo mara moja akikumbuka Fomu 34A, ile ya matokeo ya urais ya kila kituo. Namba ya makao makuu ikigombana na karatasi ya kituoni, nenda kituoni.

Swali: Tume ya Uchaguzi ya Marekani hutangaza mshindi lini? *(Msomaji, Bujumbura)*

Jibu: Marekani haina tume ya taifa ya kumtangaza rais. Unachosikia usiku ni makadirio ya vyombo vya habari, hasa shirika la Associated Press, ambalo mwaka 2020 lilimtaja Biden Novemba 7. Kisheria kila jimbo huidhinisha matokeo yake, wajumbe 538 wa majimbo, ndio wanaomchagua rais, hupiga kura Desemba (mshindi anahitaji 270), na Bunge huzihesabu Januari 6. Tangu sheria ya mwaka 2022, pingamizi bungeni halijadiliwi mpaka liungwe mkono na moja ya tano ya kila baraza. Zamani mbunge mmoja na seneta mmoja walitosha. Kwa mfumo huu wa wajumbe, mwaka 2016 Hillary Clinton alizidi kwa kura karibu milioni 2.9 na bado akashindwa.

Swali: Kwetu Kenya Mahakama ya Juu ilifuta matokeo ya urais mwaka 2017. Mbona Marekani majaji walikataa kesi zote za 2020 bila kuangalia ushahidi? *(Msomaji, Nairobi)*

Jibu: Kenya ina mlango mmoja. Katiba inalipeleka lalamiko la urais moja kwa moja Mahakama ya Juu, nayo ina siku 14 za kuamua. Marekani hakuna lalamiko la namna hiyo. Kesi zilifunguliwa jimbo kwa jimbo, zikazidi 60, kila moja na sheria zake. Nyingine zilikwama mlangoni kweli: ile ya Texas dhidi ya Pennsylvania na wenzake ilikataliwa Desemba 11 kwa kuwa Texas haikuwa na haki ya kulalamikia uchaguzi wa jimbo jingine.

Lakini si kweli kwamba hakuna kilichokaguliwa. Georgia ilihesabu kwa mkono karatasi karibu milioni 5. Makosa yalipatikana: kaunti ya Floyd iliacha karatasi zaidi ya 2,500 bila kuzipitisha kwenye mashine, na Fayette ilisahau kadi ya kumbukumbu yenye kura 2,755. Zikaongezwa, nyingi zikiwa za Trump, na pengo likapungua. Baada ya mashine kuhesabu tena, Biden alibaki mbele kwa kura 11,779. Ndiyo asili ya zile kura 11,780 ambazo Trump alisema anataka zipatikane, kwenye simu ya Januari 2, 2021 kwa Brad Raffensperger, msimamizi mkuu wa uchaguzi wa jimbo hilo: ni pengo, na kura moja juu yake.

Ukitaka kufuatilia kesi hizi, soma yaliyosemwa mbele ya jaji, usiishie kwenye mikutano ya waandishi. Rudy Giuliani, wakili wa Trump, alizungumza sana hadharani kuhusu wizi wa kura. Novemba 17, ndani ya mahakama ya shirikisho huko Pennsylvania, jaji akimhoji, alikiri kwamba kesi aliyokuwa akiitetea haikuwa ya udanganyifu. Siku nne baadaye ikatupwa.