Maswali na majibu: mke wa Kaini, mashetani ya bwenini na kipaimara cha mtoto wa bodingi

Haya jamani, meseji ni nyingi na nyingine zinafanana, kwaiyo nimeziunganisha. Kwa wageni, mi nafundisha dini sekondari ya kanisa hapa Tanga mjini, darasani kwangu kuna Wakatoliki, Walutheri, Waanglikana, walokole, Wasabato, na Waislamu wamo pia, Tanga si mnaijua. Najibu kama mwalimu tu, anayetaka tamko la askofu amtafute askofu.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko fomu thrii. Nilimuuliza mwalimu wa Bible Knowledge mke wa Kaini alitoka wapi, darasa zima likacheka, yeye akasema nisimjaribu Mungu. Tangu siku hiyo naogopa hata kusali, ina maana imani yangu imeisha?

JIBU: Marahaba mwanangu. Haijaisha, we umesoma vizuri kuliko waliocheka. Rudi Mwanzo 4 uone, Kaini anafukuzwa alafu anaogopa kwamba yeyote atakayemwona atamuua, sasa nani huyo wa kumwona? Na mbele kidogo anajenga mji kabisa, wa kukaa nani? Swali lako ni la zamani mno. Augustino, askofu wa Hippo huko Afrika ya Kaskazini aliyefariki mwaka 430, aliliandikia, yeye akasema watoto wa mwanzo wa Adamu walioana wenyewe kwa wenyewe maana hakukuwa na wengine, na Mwanzo 5:4 inasema kweli Adamu alizaa wana na binti. Wapo wasomi wengine wanasema mwandishi hakuwa na nia ya kuorodhesha kila mtu aliyezaliwa, ile sio daftari la vizazi la RITA, alitaka kuonyesha dhambi ilivyoingia nyumbani na kumfanya kaka amuue mdogo wake. Soma zote mbili, kaa nazo, huna haja ya kuchagua leo.

Na mwalimu wako usimchukie, wengi wetu tulifundishwa hivohivo, kwamba anayeuliza ana kiburi. Lakini Ayubu aliuliza sura na sura, Habakuki kitabu chake kinaanza na malalamiko, Tomaso aligoma mpaka aone makovu, na hakuna hata mmoja aliyefukuzwa. Kusali endelea, hata hilo swali lenyewe lipeleke kwenye sala.

SWALI: Asalaam aleikum mwalimu. Binti yangu kachaguliwa shule ya masista, sisi ni Waislamu wa Makorora. Baba yake anataka, bibi yake anasema tunampeleka kubatizwa. Nifanyeje?

JIBU: Waaleikum salaam mama. Mwambie bibi kwa upole kwamba mtu habatizwi kwa kukaa darasani. Kumsikia Yusufu akitupwa kisimani hakumtoi mtoto kwenye Uislamu, Yusufu ana sura yake kwenye Kurani, ya 12, na Mariamu ana yake ya 19, atakuta majina anayoyajua. Ila wasiwasi wa bibi msiupuuze wote. Kabla hamjalipa ada soma fomu ya kujiunga neno kwa neno, na nendeni mkaulize ana kwa ana: misa ni lazima kwa wote au anaweza kubaki bwenini akajisomea? Hijabu je? Ramadhani daku analipata wapi, jiko linafunguliwa saa ngapi? Shule iliyozoea watoto wa Kiislamu itakujibu hapohapo bila kujiumauma. Ikianza "tutaangalia akishafika", tafuteni nyingine. Uhuru wa kuabudu uko kwenye Katiba, ibara ya 19, na mtoto wa miaka 14 hawezi kuudai peke yake mbele ya sista mkuu, anahitaji mzazi audai mapema. Msimamo wangu: somo asome, sala asilazimishwe.

SWALI: Mwalimu mi ni matron, bodingi ya wasichana. Mwezi huu mabinti wanaanguka, anaanza mmoja anapiga kelele, wanafuata sita, nane. Wanasema kuna jini kwenye mbuyu nyuma ya jiko. Tunakesha tunawaombea na spika, usiku unaofuata wanaongezeka. Nimechoka.

JIBU: Pole sana dada, hili nitalikalia kidogo. Kwanza ujue hamko peke yenu. Tarehe 30 Januari 1962 kule Kashasha, Bukoba, kwenye bodingi ya wasichana ya misheni, mabinti watatu walianza kucheka wakashindwa kuacha. Ikaenea, wakafika 95 kati ya wanafunzi 159, walimu hata mmoja hakushikwa. Shule ikafungwa Machi 18, watoto wakarudi makwao na kicheko kikaenda nao vijijini. Madaktari walipima damu, wakatafuta sumu kwenye chakula, hawakukuta kitu. Maelezo ambayo wengi wanayakubali ni kwamba hofu na msongo vikibanwa sana hutokea mwilini, na mwili wa jirani unaiga bila mtu kukusudia. Hao watoto hawaigizi, naomba mwelewe hilo.

Sasa angalia mnachofanya: binti anaanguka, taa zinawashwa, wote 80 wanaamka, spika inafunguliwa, watu wanakemea mpaka alfajiri. Mnawanyima usingizi na kila mmoja anakaa anasubiri zamu yake! Mimi ni mtu wa maombi, siyakatai, ila ombeni mchana, dakika 10, kwa sauti ya kawaida, bila kumuuliza jini jina lake wala katumwa na nani, maana hapo ndipo binti mmoja mpole anatajwa kuwa mchawi na maisha yake hapo shuleni yanaharibika. Anayeanguka mtoeni taratibu mumpeleke chumba kingine na mtu mzima mmoja, wenzake walale. Asubuhi zahanati, kapimwe malaria, muulizwe kama kuna historia ya kifafa. Wale walioanguka zaidi ya mara moja waende nyumbani siku chache, na wasiondoke pamoja kwenye gari moja.

Alafu kaa nao chini ya huohuo mbuyu, mchana, uulize kinachowasumbua: viboko? mtihani wa moko? uji mwepesi? mtu anayewafuatafuata usiku? Hilo la mwisho liulize mmojammoja, faragha, na ukisikia kitu usikizime kulinda jina la shule.

SWALI: Bwana asifiwe. Sisi ni Walutheri wa KKKT, mtoto yuko bodingi ya Kikatoliki Lushoto, mafundisho ya kipaimara usharikani yanampita. Ahamie ya huko shuleni?

JIBU: Amina baba. Hapana, jina moja lakini mambo mawili. Kwa Wakatoliki kipaimara ni sakramenti, akipewa huko maana yake ameingia Kanisa Katoliki, na hilo liamuliwe na familia, lisitokee kwa sababu ya ratiba. Mwombe mchungaji barua, mkuu wa shule aruhusu mwinjilisti wa usharika wa jirani aje Jumamosi, kama kuna UKWATA, umoja wa wanafunzi Wakristo, itakuwa rahisi zaidi. Masomo mengine amalizie likizo. Misa ahudhurie kama anapenda, komunyo asipokee.

SWALI: Mi mwalimu mpya, kipindi cha dini nimewekewa Ijumaa mchana baada ya maharage. Wanalala.

JIBU: Hata mi ningelala. Acha kusoma aya kwa sauti. Chukua mfano wa Msamaria mwema uuweke hapa Pongwe: kijana wa bodaboda kalala pembeni ya barabara, kaibiwa, damu inatoka. Anapita mchungaji anawahi semina, anapita mwanakwaya kavaa sare, anayesimama ni nani? Waambie wamtaje mtu ambaye mtaani kwao hakuna anayetaka akae karibu naye. Subiri kelele. Na weka boksi la maswali yasiyo na majina, utayapata ya mapenzi, ya kujichua, ya mjomba mlevi, jibu yote.

SWALI: Mwl nachanganya Herode, kumbe wako wangapi?

JIBU: Wanne wa kukariri. Herode Mkuu, aliyeua watoto wa Bethlehemu. Antipa mwanawe, ndo aliyemkata kichwa Yohana Mbatizaji na akamhoji Yesu. Agripa wa kwanza, mjukuu wa Mkuu, alimuua Yakobo kwenye Matendo 12 alafu akaliwa na chango, yaani minyoo. Agripa wa pili, mtoto wa huyo, ndo alimsikiliza Paulo Matendo 25 na 26. Chora ukoo wao ubandike juu ya kitanda, matron akiuliza mwambie ni ya mtihani.