Shangazi, anayechezesha vidole mbele ya macho ni daktari au mganga?

"Shangazi shikamoo. Mwaka jana basi letu lilifeli breki tunashuka Kitonga, dada niliekaa nae siti moja akafia mkononi mwangu, mi nikatoka na nyuzi 6 tu kichwani. Tangu hapo nikisikia lori linapiga breki nalowa jasho, usiku nashtuka napiga kelele, na biashara yangu ya kupeleka mchele Dar imekufa. Mume wangu anasema najiendekeza, kanikatia tiketi ya Ijumaa nipande basi kwa nguvu nizoee. Mdogo wangu alieko Dar kapata terapisti, anakuchezeshea vidole mbele ya macho unasahau kila kitu. Huyo ni daktari kweli? Kasomea nini? Na lazima nimsimulie yote? Mama Wawili, Mbeya."

Marahaba mwanangu, na pole, pole sana. Barua yako nimeisoma mara tatu na pale kwenye huyo dada wa siti moja nimesimama kila mara.

Hujiendekezi. Akili yako haijaiweka ile ajali kwenye mambo yaliyopita, yani imebaki nje inaelea, kwaiyo breki ya lori ikilia mwili hausemi "nakumbuka", unasema "ndo inatokea saivi" na moyo unakimbia kwelikweli. Madaktari wa akili Marekani waliliweka tatizo hili kwenye kitabu chao cha magonjwa mwaka 1980, wakaliita PTSD, yani kiwewe kinachobaki baada ya tukio baya, baada ya miaka na miaka ya askari kurudi kutoka vitani wakaambiwa ni waoga. Mumeo anasema maneno yaleyale waliyoambiwa wale, na sidhani kama ni mtu mbaya, hajui tu.

Sasa huyo terapisti. Hapa kwetu mtu yeyote anaweza kubandika kibao cha ushauri nasaha, ndo maana nimefurahi umeuliza kasomea nini, na hilo swali muulize yeye mwenyewe kabla hujakaa kitini. Msaikolojia tiba anakua na shahada ya uzamili ya fani hiyo, Muhimbili pale chuoni wanaifundisha. Daktari wa magonjwa ya akili kaanza na udaktari wenyewe ndo akabobea, huyo anaweza kukuandikia dawa. Halafu muulize: kiwewe umefundishwa kukitibu kwa njia gani, umefundishwa na nani, na ukikwama unamuuliza nani? Aliesoma vizuri hatachukia, atakujibu vizuri tu. Mimi nilipovamiwa na majambazi nyumbani nilienda kwa mtu aliekua na semina ya siku mbili, siku ya kwanza tu akanilazimisha nisimulie mwanzo mwisho, nikatoka pale natetemeka hata kituo cha daladala nashindwa kukiona. Sikurudi, na nilikaa miaka miwili bila kutafuta mwingine, hiyo miwili inaniuma hadi leo.

Vidole navyo si uganga. Njia hiyo inaitwa EMDR, aliianzisha mama mmoja wa Marekani, Francine Shapiro, ambae mwanzo alikua anasomea fasihi ya Kiingereza, akaugua kansa, ndo akahamia saikolojia. Mwaka 1987 alikua anatembea bustanini akaona mawazo yanayomsumbua yanapungua makali macho yake yakienda huku na huku, akaanza kufanyia utafiti. Unalishika lile tukio akilini huku macho yanafuata vidole, kidogokidogo, mnapumzika, mnarudi. Huhitaji kusimulia kila kitu kwa sauti. Wapo wataalamu wanaobisha kwamba macho hayana kazi kubwa, kinachotibu ni kule kulikabili tukio ukiwa salama, mimi naona wana hoja, lakini Shirika la Afya Duniani tangu 2013 linaikubali njia hiyo kwa watu kama wewe, sawa na ile ya CBT ya kiwewe, ambapo unafundishwa kuyapima mawazo yako (kama hilo la "ningembadilishia siti angepona", maana najua unaliwaza) na kuvisogelea vitu unavyoviogopa hatua kwa hatua.

Ila mdogo wako kakosea kitu kimoja: hutasahau. Utakumbuka bila kulowa jasho.

Kuna njia nyingine naipenda mno. Wanakutandikia kamba sakafuni, hiyo ndo maisha yako toka kuzaliwa, penye furaha unaweka ua, penye msiba unaweka jiwe, halafu vikao vinavyofuata mnaenda nayo jiwe kwa jiwe mpaka kila jambo likae mahali pake na tarehe yake. Kambi ya Nakivale kule Uganda waliitumia kwa wakimbizi wa Rwanda na Somalia, na walioitoa walikua wakimbizi wenzao waliopewa mafunzo ya wiki chache tu, na watu walipata nafuu.

Dar usiende kwanza, utapandaje basi kumfuata daktari wa kukutibu hofu ya basi! Anza hapohapo Mbeya hospitali ya rufaa ya kanda, ulizia kitengo cha afya ya akili, waambie ni ajali, waambie na usingizi. Vidonge vya usingizi vya dukani usinunue kwa kuambiwa na jirani, vinazoesha. Kama unaombewa, maombi endelea nayo, hayagombani na hospitali. Na siku wakikuuliza habari za kutaka kujidhuru, kama wazo hilo limewahi kupita, useme, usilimeze.

Kupanda basi utapanda. Ila utaanza kusimama stendi dakika 10 na mtu unaemuamini, siku nyingine ukae ndani basi halijawashwa, siku nyingine mpaka Uyole tu ushuke, na anaepanga mwendo ni wewe na terapisti. Kukurusha kwenye basi la Kitonga kwa nguvu kunaweza kukurudisha nyuma kabisa. Kwaiyo hiyo tiketi ya Ijumaa mwambie mumeo airudishe, wakimkata hela kidogo si neno, na Ijumaa hiyohiyo akusindikize hospitali.

Shangazi yako.