Fundi, mchemraba wangu una pande mbili! Maswali yenu kuhusu madoido ya Linux

Maswali ya safari hii yote ni ya madoido ya madirisha: mchemraba unaozunguka, madirisha yanayonesanesa, moto, ukungu na mbwembwe nyinginezo. Mengine nimeyafupisha. Nitangulize jambo moja tu, kwa sababu mtalikuta karibu kila jibu: kabla ya kuhangaika na programu-jalizi yoyote, jua kwanza ni programu gani inayochora skrini yako.

Habari za kazi, fundi. Natumia Ubuntu MATE (Ubuntu yenye eneokazi la MATE) pamoja na Compiz, msimamizi wa madirisha mwenye madoido. Nimeweka tiki kwenye Desktop Cube, lakini nikizungusha napata kitu kama karatasi yenye sura mbili. Mchemraba uko wapi? (Mombasa)

Nzuri, ndugu yangu. Mchemraba wa Compiz hauna idadi yake ya pande. Unahesabu maeneokazi (skrini pepe unazohamia) uliyonayo kwa upana, basi ukiwa nayo mawili unapewa sura mbili. Fungua CCSM, programu ya mipangilio ya Compiz, ingia General Options, kisha kichupo cha Desktop Size. Weka Horizontal Virtual Size iwe 4 na Vertical Virtual Size iwe 1. Hapo hapo kuna kipengele kinaitwa Number of Desktops, na wengi hukimbilia hicho kwa sababu ya jina lake. Kiache kwenye 1.

Hakikisha pia umewasha jalizi zote mbili, maana Desktop Cube inachora umbo na Rotate Cube ndiyo inayoligeuza. CCSM ikilalamika kwamba Desktop Wall inagongana na mchemraba, kubali Desktop Wall izimwe. Baada ya hapo shika Ctrl na Alt, bonyeza mshale wa kushoto au kulia. Ukitaka kuuzungusha kwa mkono, shika Ctrl na Alt halafu buruta kwa kipanya ukianzia sehemu ya eneokazi iliyo wazi. Ctrl+Alt na mshale wa chini huukunjua, pande zote zikatandazwa mstari mmoja.

Ukiweka 6 badala ya 4 utapata umbo la pande sita za kuzunguka, mbali na juu na chini. Kihesabu huo si mchemraba tena, ila unapendeza.

Jana usiku nilikuwa nachezea CCSM. Sasa madirisha yote hayana ile sehemu ya juu yenye kitufe cha kufunga, na siwezi hata kuyasogeza. Nifanyeje bila kuformati? (Dodoma)

Usiformati chochote! Umeondoa tiki kwenye Window Decoration. Kwenye Compiz hata fremu ya dirisha ni jalizi, tena michoro yake hufanywa na programu nyingine pembeni, kama gtk-window-decorator. Jalizi ikizimwa, dirisha linabaki uchi.

Paneli yako ya MATE ni programu inayojitegemea, kwa hiyo menyu bado ipo. Fungua CCSM kupitia hapo, tafuta Window Decoration, rudisha tiki. Angalia na Move Window na Resize Window, maana hizo nazo ni jalizi na huenda ulizipitia katika mkumbo ule ule. Ikishindikana, fungua terminali (dirisha la kuandikia amri) uandike `marco --replace` ukapumzike: Marco ndiye msimamizi wa madirisha wa kawaida wa MATE, na ataishika skrini palepale bila kufunga kazi zako.

Siku ukitulia, rudi CCSM, ingia Preferences, uhifadhi mipangilio yako kwa kitufe cha Export. Pale pale kuna Reset to defaults. Mtu anayependa kuchokonoa mambo usiku anahitaji vitufe hivyo viwili kuliko jalizi yoyote.

Shikamoo fundi. Nimeweka Ubuntu mpya, nikainstoli compiz na jalizi zake zote, nikaandika `compiz --replace`. Hakuna kilichotokea isipokuwa maneno ya makosa. Mbona zamani ilikuwa inakubali? (Goma)

Marahaba. Hili ndilo swali lililokuja kwa wingi kuliko yote, kwa hiyo nivumilie nilieleze kwa urefu.

Compiz ilitolewa na Novell mwaka 2006, mwandishi wake mkuu akiwa David Reveman. Mwaka huohuo kundi la wapenzi wake likajitenga na kutengeneza Beryl, iliyojaa madoido kupita kiasi. Mwaka 2007 pande mbili zikapatana, ikazaliwa Compiz Fusion, na Oktoba ya mwaka huo Ubuntu 7.10 ikaja nayo ikiwa imewashwa tayari. Video nyingi za mchemraba na madirisha yanayoungua zilizowavutia watu kwenye Linux ni za zama hizo. Kuanzia Ubuntu 11.04 hata Unity, eneokazi la Ubuntu la wakati huo, iliandikwa kama jalizi ya Compiz. Kisha Ubuntu 17.10 ikaiacha Unity na kuhamia eneokazi la GNOME, na Compiz ikabaki bila mlezi mkubwa.

Amri yako inagoma kwa sababu mbili. Ya kwanza ni GNOME yenyewe. GNOME Shell (sehemu yenye paneli na menyu) na msimamizi wake wa madirisha, Mutter, ni mchakato mmoja. Huwezi kumtoa Mutter ukamweka Compiz na Shell ikabaki imesimama.

Ya pili ndiyo nzito zaidi. Compiz iliandikwa kwa ajili ya X11, mfumo wa zamani wa kuonyesha madirisha kwenye Linux. Kwenye X11 kuna seva inayomiliki skrini, na msimamizi wa madirisha ni programu kama programu nyingine, inayoweza kuondoka na kumpisha mwenzake wakati kompyuta inafanya kazi. Ndiyo maana neno `--replace` lilikuwa na maana. Kwenye Wayland, mfumo mpya unaochukua nafasi yake, kazi hizo zote, yaani seva, msimamizi wa madirisha na kompozita inayounganisha picha zao, ziko ndani ya programu moja. Ukiiondoa hiyo, umeondoa skrini yote na kila kilichofunguliwa juu yake. Andika `echo $XDG_SESSION_TYPE` kwenye terminali. Ikikujibu `wayland`, umeshajua. Na usitafute njia ya kurudi nyuma kupitia Ubuntu 25.10, maana toleo hilo limeondoa kabisa kipindi cha GNOME juu ya Xorg, yaani seva ya X11.

Kama unachotaka ni mbwembwe zile zile, njia ninayoipendekeza kwa watu wengi ni eneokazi la KDE Plasma. Msimamizi wake, KWin, ana madoido yake mwenyewe tangu KDE 4.0 ya Januari 2008. Mchemraba ulikuwa umeondolewa, ukarudi na Plasma 6.0 mwezi Februari 2024. Fungua mipangilio, tafuta Desktop Effects, washa Cube na Wobbly Windows. Meta+C huuita mchemraba. Meta ni kile kitufe chenye nembo ya Windows, ambacho wengine hukiita Super.

Njia ya pili ni Wayfire, kompozita ya Wayland iliyoandikwa na watu walioipenda Compiz, na inaonekana: kuna cube, expo (maeneokazi yote kwa mtazamo mmoja), wobbly, na moto wa kufunga dirisha. Jalizi zinawashwa ndani ya faili la `~/.config/wayfire.ini`, au kwa programu ya WCM inayofanana kabisa na CCSM. Raspberry Pi OS, mfumo wa kompyuta ndogo za Raspberry Pi, iliitumia kuanzia Oktoba 2023, ikahamia kompozita nyepesi ya labwc mwaka mmoja baadaye ili kupunguza mzigo kwa vifaa vidogo. Kama mashine yako ni ya nguvu kidogo, zingatia hilo.

Laptop yangu ni ya mtumba, RAM GB 4, skrini ndogo. Rafiki yangu anasema haya madirisha yanayonesa ndiyo yanayomaliza RAM. Ni kweli? (Morogoro)

Si kweli, na hesabu yake ni rahisi. Kompozita huhifadhi picha ya kila dirisha pembeni kabla ya kuiweka kwenye skrini. Dirisha lililojaza skrini ya 1366 kwa 768, kila nukta ikichukua baiti 4, ni takriban MB 4.2. Fungua kumi, hujafika hata MB 50. Kivinjari chako chenye vichupo ishirini ndicho cha kumshika shati.

Unesaji wenyewe ni kazi ndogo ajabu. Wobbly ya Compiz huligawa dirisha katika nukta 16, nne kwa nne, zikiwa zimeungwa na jirani zao kwa springi za kufikirika. Ukilishika dirisha, nukta iliyo karibu na kishale inakwenda nawe, zilizobaki zinavutwa na springi, kama unavyoshika kona ya chandarua ukaivuta na upande wa pili ukafuata kwa kuchelewa. Prosesa inakokotoa nukta hizo 16 na gridi ndogo inayotokana nazo. Kuuchora uso mzima wa dirisha juu ya gridi hiyo ni kazi ya kadi ya michoro, na hata ile ya Intel ya zamani inaimudu. Ukitaka kuona tofauti, ingia kwenye mipangilio yake. Friction ya kawaida ni 3 na Spring K ni 8. Punguza Friction, dirisha litanesa muda mrefu kabla ya kutulia. Mimi hupendelea kinyume chake, dirisha litikisike mara moja tu na kunyamaza.

Kinachoelemea mashine ndogo ni ukungu, yaani blur. Ili kutia ukungu nukta moja lazima zisomwe nukta nyingi za jirani, na kazi inarudiwa kila kinachoonekana nyuma kikibadilika. Weka video nyuma ya terminali yenye ukungu, usikie feni.

Pima na hili: andika `glxinfo | grep renderer`. Ukiona neno `llvmpipe`, kadi ya michoro haitumiki kabisa na prosesa ndiyo inayochora kila kitu. Hapo zima madoido yote kwanza, ushughulikie draiva.

Niko GNOME na sitaki kuhama. Je, naweza kupata madirisha yanayoungua? (Nairobi)

Unaweza. Tafuta kiendelezi kinachoitwa Burn My Windows, kina moto na mitindo mingine chungu nzima. Mwandishi wake ametengeneza pia Desktop Cube ya GNOME.

Tahadhari moja: viendelezi vya GNOME vinaendeshwa ndani ya Shell yenyewe, na kila kimoja hutaja matoleo ya Shell kinayoyakubali. Ukipandisha toleo, kinaweza kuzimwa mpaka mwandishi akisahihishe. GNOME 45 ya Septemba 2023 ilibadili namna viendelezi vinavyoandikwa, na vyote vililazimika kurekebishwa. Usipandishe toleo asubuhi ya siku ya kuwasilisha kazi.

Natumia i3. Nataka terminali inayopitisha mwanga na ukungu nyuma yake. (Dar es Salaam)

i3 ina kazi ya kupanga madirisha tu, hivyo unahitaji kompozita pembeni: picom, mjukuu wa xcompmgr kupitia Compton. Kwenye faili lake weka `backend = "glx"`, `vsync = true` na `blur-method = "dual_kawase"`. Kiwango cha kupitisha mwanga kiwekwe kwenye mipangilio ya terminali, ili maandishi yasififie pamoja na usuli. Anayetaka kufanya hivi kwenye eneokazi la Xfce azime kwanza kompozita iliyomo ndani ya xfwm4, msimamizi wake wa madirisha, maana mbili haziwezi kukaa skrini moja.

Mama yangu ana miaka 71, anasoma magazeti mtandaoni lakini macho yamepungua nguvu, na weupe wa skrini unamuumiza. Je, haya madoido yana lolote la kumsaidia? (Muscat)

Yana mengi, na nilitamani swali hili lingekuja mapema zaidi kuliko la moto. Kwenye Compiz washa Enhanced Zoom: mama atashika Super na kuzungusha gurudumu la kipanya, ukurasa utamkaribia pale pale kilipo kishale. Kisha washa Negative. Super+N hugeuza rangi za dirisha moja, maandishi yakawa meupe juu ya weusi, na Super+M hugeuza skrini nzima. Kwa mtu anayesoma, ya dirisha moja inatosha, picha zilizoko kwingine zinabaki na rangi zake.

Akiwa KDE, Meta na alama ya = hukuza, Meta na 0 hurudisha. Akiwa GNOME, Super+Alt+8 huwasha kikuzio, halafu Super+Alt na = huongeza.

Zima mchemraba, unesaji na kila kinachorukaruka. Kikuzio na skrini inayocheza kwa pamoja huleta kizunguzungu. GNOME ina amri moja ya kuzima michezo yote: `gsettings set org.gnome.desktop.interface enable-animations false`. Mpe mama shikamoo zangu.

Fundi nisaidie, skrini yangu inanyesha mvua! Matone yanaanguka juu ya Excel ya ofisi na bosi yuko karibu. (Arusha)

Umewasha jalizi ya Water kwenye Compiz, kisha ukagusa Shift+F9. Bonyeza tena Shift+F9, mvua itakatika. Na kama bosi ameshafika, jaribu Shift+F8 kwanza: hiyo huwasha waipa.