Kila Anayekusimulia Dubai Ameishi Dubai Yake

Wete, Pemba

Mwanangu mpenzi,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Barua yako imefika, mama yako ameisoma kabla yangu, na salamu zake zimo humu pamoja na zangu. Umenieleza kwamba umepata ahadi ya kazi ya ufundi wa viyoyozi Dubai, kwamba umewauliza watu wetu waliokaa huko, na kwamba majibu yao hayapatani hata kidogo: mmoja amekuambia hakuna mji ambao Mwislamu anaweza kutafuta riziki kwa amani kama ule, mwingine amekuambia ni jangwa tu lililopambwa kwa taa, na wewe sasa unataka nikuambie umsadiki nani.

Mimi nasema uwasadiki wote, kwa sababu nawajua na sioni hata mmoja aliyekudanganya. Kasoro imo katika swali. Ukimwuliza mtu kama Dubai ni nzuri au mbaya atakujibu kwa yaliyompata yeye, naye aliyepata mengine atamkanusha. Mwulize badala yake alifika mwezi gani, alilala wapi, nani alikuwa akimlipia kodi ya nyumba, mchana wa Agosti ulimkuta ndani au juani, na aliingia kwa karatasi za namna gani. Ukishapata majibu hayo utaona kwamba maneno yao yanapatana zaidi kuliko ulivyodhani.

Nianze na hali ya hewa, kwa kuwa ndiyo niliyoifundisha darasani miaka yote ya utumishi wangu, na kwa kuwa ndiyo inayogawa maoni ya watu kuliko jambo jingine lolote. Dubai hupata mvua isiyofika milimita 100 kwa mwaka mzima, kiasi ambacho hapa Pemba masika peke yake huipita mara nyingi. Kuanzia Novemba hadi Machi mji ule unapendeza kweli kweli. Mchana ni wa kadiri ya nyuzi 25 hadi 30, usiku mtu hutafuta blanketi, na familia hukaa nje hadi usiku mkubwa. Kuanzia mwisho wa Mei hadi Septemba ni habari nyingine kabisa. Joto la mchana katika Julai na Agosti hupita nyuzi 40 siku kwa siku, usiku hauleti nafuu ya kutosha, na kwa sababu mji umekaa kando ya Ghuba, ambayo maji yake huwa ya moto wakati huo, unyevu hujaa hewani na jasho halikauki mwilini. Sasa mkumbuke ami yako, ambaye alikuwa akienda huko kununua vipuri vya magari: siku zote alikwenda Disemba na Januari, akamaliza shughuli zake Deira, mtaa wa biashara wa Dubai, akarudi. Anapousifu mji ule anasema kweli, lakini ni kweli ya msimu mmoja.

Mimi nilifika huko Agosti, nilipokwenda kumtembelea shangazi yako wakati alipokuwa akiishi Sharjah, mji jirani, na mumewe akifanya kazi Dubai. Nilipotoka mlangoni baada ya sala ya Isha, miwani yangu ilifunikwa na ukungu papo hapo, kwa sababu ilitoka ndani ikiwa ya baridi na nje hewa ilikuwa moto na nzito. Maji ya bombani yaliyopaswa kuwa baridi yalitoka ya moto, kwani matangi hukaa juu ya paa na jua huyachemsha kutwa. Shangazi yako alikuwa akizima mashine ya kuchemshia maji, akayaacha yaliyomo ndani yake yapoe kwa ubaridi wa nyumba, kisha akayatumia hayo kuogea. Watoto hawakuweza kucheza nje tangu asubuhi hadi usiku. Alikuwa hanung'uniki, lakini aliniambia kwamba miezi minne ya kila mwaka alikuwa akiishi kati ya nyumba, gari na duka, na kwamba alilolikosa zaidi ni kukaa barazani na majirani. Kwa mwanamke aliyelelewa Pemba hilo si jambo dogo, na nisingependa ulichukulie kuwa dogo kwa sababu wewe ni kijana.

Kwako wewe suala la joto lina uzito wa peke yake, maana unakwenda kutengeneza viyoyozi, na miezi ambayo wengine watajifungia ndani ndiyo miezi utakayoitwa kila saa. Sheria ya Falme za Kiarabu, nchi ambayo Dubai imo ndani yake, inakataza kazi za juani kuanzia saa sita na nusu hadi saa tisa mchana, tangu tarehe 15 Juni hadi tarehe 15 Septemba ya kila mwaka, na mwajiri anayekiuka hutozwa faini. Hata hivyo sheria hiyo huachia kazi za dharura zisizoweza kusubiri, kama kurudisha maji au umeme uliokatika, kwa masharti yake, nami sitaki ukadhani kwamba kila anayekutuma kazini ataitafsiri dharura kwa uadilifu. Tena kuna tofauti kubwa baina ya fundi na fundi. Majengo mengi makubwa ya huko hayana viyoyozi vya kutundikwa ukutani. Kituo kimoja hupoza maji na kuyasukuma kwa mabomba hadi kwenye majengo mengi ya mtaa, na fundi wa vituo hivyo kwa kawaida hufanya kazi yake ndani. Anayehudumia majumba madogo na maduka hupanda mapaani, kwenye mitambo ya nje, juani. Barua ya ahadi uliyonitajia haisemi utakuwa wa aina gani, na mimi naona hilo ndilo swali la kwanza la kumwuliza mwajiri, hata kabla ya mshahara.

Nakuja kwa jirani yetu, yule aliyekuambia maneno makali. Yeye alikwenda kama kibarua wa ujenzi, baada ya kumlipa wakala fedha alizokopa kwa watu, ingawa sheria ya huko inasema gharama za kuajiri ni za mwajiri na si za mfanyakazi. Alilala katika kambi ya wafanyakazi nje ya mji, chumba kimoja na watu wengi, akichukuliwa na basi kabla ya alfajiri na kurudishwa jioni. Pasi yake ya kusafiria ilishikwa na mwajiri, jambo ambalo nalo sheria inalikataza. Miaka yake ya mwanzo ilikwisha katika kulipa deni. Mtu huyu aliishi katika mji ule ule alioishi binti wa rafiki yangu wa Ole, ambaye ni muuguzi, aliyekwenda kwa mkataba uliokamilika, akapewa makazi na mwajiri wake, na ambaye hutoka zamu ya usiku na kurudi nyumbani peke yake bila ya hofu yoyote. Binti huyo husema kwamba mshahara wake huingia benki kwa tarehe inayojulikana, kwamba msikiti uko kila mtaa, na kwamba Ramadhani kazi hupunguzwa kwa saa mbili kila siku. Hayo yote ni kweli, na tangu mwaka 2009 serikali ina utaratibu wa kufuatilia mishahara inayolipwa kupitia benki. Aisifuye mvua imemnyea, na anayelilaumu jua naye limemchoma. Tofauti ya wawili hawa ilianzia hapa hapa kwetu, siku walipotia saini, kabla hata hawajapanda ndege.

Usalama nausisitiza, kwa sababu wanaoulalamikia mji ule huupitia haraka kana kwamba si kitu. Mzazi anayemwacha mtoto wake katika mji mgeni wa watu zaidi ya milioni 3.5 hulala vizuri akijua kwamba mtoto huyo hataporwa njiani, na mimi ningelala vizuri.

Lakini liko jambo ambalo wanaousifu nao hulipitia haraka, nalo ni kwamba mkaazi wa pale ni mgeni hata akikaa miaka thelathini. Raia ni takriban mtu mmoja katika kila kumi. Waliobaki wanakaa kwa sababu wana kazi, au biashara, au mume au baba mwenye kazi. Mtoto aliyezaliwa huko na wazazi wageni hapati uraia kwa kuzaliwa. Mume wa shangazi yako alipoachishwa kazi, watoto waliokuwa wakizungumza Kiarabu cha mtaani pale na wasioijua njia ya kutoka Wete kwenda Chake Chake walifungiwa masanduku na kurudishwa kwao, ambako hawakuwahi kukaa. Walikuwa wamelazimika kupanga Sharjah kwa sababu kodi za Dubai zilikuwa juu, mume akipoteza saa nyingi barabarani kila siku, na ada za shule binafsi zilimeza karibu kila walichotaka kuweka. Ukitaka kumpeleka mkeo siku za mbele, fahamu kwamba unatakiwa uwe na mshahara wa dirhamu 4,000 kwa mwezi, au dirhamu 3,000 pamoja na makazi, na hicho ni kima cha kuruhusiwa tu. Kuishi vizuri kunataka zaidi ya hapo.

Nataka pia ufikiri namna mji wenyewe unavyosimama, kwa kuwa hilo linaihusu kazi yako moja kwa moja. Nyumba za zamani za Dubai, zile zenye minara ya kunasa upepo katika mtaa wa Al Fahidi, ziliezekwa kwa boriti za mikoko zilizosafirishwa kwa majahazi kutoka pwani yetu hii ya Afrika Mashariki, na upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti. Watu walikuwa wachache, na wakati wa joto kali wenye uwezo walihamia penye chemchemi na mitende au kwenye vibanda vya makuti karibu na bahari. Mafuta yaligunduliwa mwaka 1966, umeme ukaenea, na tangu hapo mamilioni wanaishi pale kwa sababu moja: maji ya bahari yanaondolewa chumvi mitamboni na hewa inapozwa kwa mashine. Wewe unakumbuka Unguja ilipokosa umeme tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010, baada ya njia ya umeme unaotoka bara kuharibika. Watu walipata hasara kubwa na taabu ya maji, lakini waliishi. Visima vilikuwapo, na upepo ulikuwapo. Jaalia miezi mitatu ya namna hiyo iwe Dubai, kati ya Juni na Agosti. Hata mvua, ambayo kwetu ni neema, kule ilikuwa balaa tarehe 16 Aprili 2024, iliponyesha kwa siku moja kuliko siku yoyote tangu kumbukumbu zilipoanza mwaka 1949, barabara zikawa mito na uwanja wa ndege ukajaa maji, kwa kuwa mji haukujengewa mifereji ya mvua kubwa.

Sikuandikii haya kukutisha. Nakuandikia ili ujue kwamba fundi wa viyoyozi katika mji wa jangwani si mtu wa pembeni, bali ni miongoni mwa wale ambao pasipo wao hakuna mji, na kwa hiyo una haki ya kuuliza masharti yako bila ya unyonge. Jirani yetu hakuwa na ujuzi wa kumpa nafasi hiyo, na deni la wakala lilimfunga mdomo. Wewe unao ujuzi na huna deni.

Rai yangu ni kwamba uende, lakini uende kwa muda uliouweka mwenyewe na kwa jambo unalolijua, iwe ni mtaji wa karakana yako au nyumba, na usikubali kuondoka kwa viza ya matembezi kwa ahadi kwamba utabadilishiwa huko. Soma mkataba uone mshahara wa msingi ni kiasi gani na posho ni kiasi gani, kwa sababu kiinua mgongo cha huko huhesabiwa kwa mshahara wa msingi peke yake, siku 21 kwa kila mwaka katika miaka mitano ya mwanzo, na waajiri wengine hupenda kuufanya msingi kuwa mdogo na posho kuwa kubwa. Uliza makazi yako wapi, usafiri ni wa nani, na kazi ni ya kituoni au ya mapaani. Ukiweza kuchagua, omba kuanza Oktoba, ili mwili uizoee kazi kabla ya kukutana na Julai.

Nitumie nakala ya mkataba wenyewe, kurasa zote, ya Kiarabu na ya Kiingereza. Ya Kiarabu nitampelekea maalimu wako wa zamani hapa Wete aisome nami mstari kwa mstari, na tutakuandikia kila mahali ambapo nakala mbili hazisemi jambo moja. Usitie saini kabla ya jibu letu kukufikia.

Wabillahi tawfiq.

Baba yako