Utomvu wa mti kwenye rangi ya gari: loweka, usisugue

Mkuu umeuliza utomvu uliodondokea boneti na paa unatokaje bila kuharibu rangi, na unasema sabuni imegoma. Lazima igome aisee, utomvu wa miti kama misonobari ukishakauka hauyeyuki kwenye maji, utaosha mpaka jioni yatapita juu tu. Unayeyuka kwenye spiriti.

Mi yalinikuta. Niliacha gari chini ya msonobari siku nne, jua kali, narudi nakuta matone kama ishirini hivi yameshakuwa magumu kama kioo. Nikachukua dodoki la kusugulia masufuria nikasugua kweli kweli. Utomvu ulitoka, ila kila palipokuwa na tone pakabaki duara lenye ukungu, ukisimama juani unaona mikwaruzo midogo midogo imejaa. Ile klia, yaani safu ya juu inayoipa rangi mng'ao, ni kama mikroni 40 hadi 50 hivi, nyembamba kuliko unywele, ukiila imeliwa, hairudi mpaka gari ipigwe upya. Inaniuma mpaka leo nikikumbuka, maana yale matone ningeyatoa yote kwa kitambaa na subira.

Sasa fanya hivi. Gari iwe kivulini na bodi limepoa, uoshe kwanza na shampuu ya gari, usiruke hapo maana vumbi likibaki chini ya kitambaa ni msasa huo. Alafu chovya taulo kwenye maji ya moto (sio ya kuchemka), lilaze juu ya tone dakika moja mbili, kama utomvu bado mbichi unaweza kuondoka hapo hapo. Ukigoma chukua spiriti ya kusafishia vidonda, ile ya asilimia 70, lowesha pamba au kitambaa cha maikrofaiba, weka juu ya tone NA USISUGUE, shikilia tu sekunde 30 mpaka dakika, utaona linaanza kulainika kama asali, ndo unafuta taratibu kuelekea upande mmoja, unageuza kitambaa upande msafi, unarudia. Tone la zamani linaweza kukula raundi tano sita, vumilia, ukiona mkono umeanza kukandamiza jua spiriti imekauka, ongeza. Milangoni spiriti inachuruzika, pale mi natumia sanitaiza ya jeli, inang'ang'ania.

Ila kabla ya yote jaribu sehemu iliyojificha, mfano ukingo wa ndani wa mlango. Kitambaa kikitoka na rangi ya gari acha kabisa, ina maana ilipigwa bila klia au rangi haijakomaa.

Thina, petroli, asetoni, usije ukathubutu. Wembe kwenye rangi hapana, kwenye kioo cha mbele sawa, ukilowesha kwanza na maji ya sabuni na wembe uwe mpya umelala. Wapo wanaotumia mafuta ya taa, yanalainisha kweli, ila yanaacha utando wa mafuta inabidi uoshe tena, bora spiriti.

Ukimaliza suuza, kausha, alafu paka waksi palepale ulipopita, maana spiriti imeondoka na ile iliyokuwepo na pamebaki wazi. Kukibaki alama ya duara ujue jua lilishaupika utomvu mpaka ukaila klia kidogo, hapo ni polishi laini kwa mkono, na ikigoma mpelekee fundi anayejua kazi ya mashine.

Alafu mkuu, rangi ya gari yako ni ya kiwandani au ilishapigwa tena? Nijibu hilo kabla hujafungua chupa ya spiriti.