Maswali ya wasomaji: mkia wa bakteria, na vidonge vya vitamini kwa mvuta sigara

SWALI: Niko kidato cha tano, Iringa. Tumeambiwa bakteria anaogelea kwa mkia, flajela. Anaupiga kama samaki ama vipi? Na anajuaje pa kwenda wakati hana macho wala ubongo?

JIBU: Haupigi, anauzungusha! Mkia wenyewe ni uzi mgumu wenye umbo la skrubu, na kwenye shina lake kuna mota kabisa, mota ya protini, inazunguka zaidi ya mara 100 kwa sekunde, na wala haitumii ATP, ile molekuli inayobeba nishati ndani ya seli, inaendeshwa na protoni (chembe za haidrojeni zenye chaji chanya) zinazoingia ndani ya seli kutoka nje. Zamani wengi walidhani mkia unapunga tu, mpaka mwaka 1974 Michael Silverman na Melvin Simon huko California wakawabandika bakteria wa E. coli kwenye kioo kwa mkia, mkia umeshikwa hauwezi kwenda popote, basi mwili mzima ndo ukaanza kuzunguka, unauona hivi hivi kwenye hadubini.

Sasa pa kwenda. E. coli ana mikia kadhaa, mota zote zikizunguka kinyume na saa mikia inajikusanya fungu moja nyuma na yeye anaenda mbele kama sekunde moja hivi, mota ikigeuza fungu linafumuka, anapinduka pinduka pale pale halafu anatokea upande wowote ule. Upande hauchagui. Anachofanya ni kulinganisha chakula cha sasa na cha sekunde chache nyuma, akiona kinaongezeka anachelewa kupinduka, basi, na kwa hilo tu anajikuta kafika penye sukari. Kwangu mimi hiki ni kati ya vitu vizuri kabisa kwenye baiolojia yote.

Na siyo mambo ya maabara tu. H. pylori, yule wa vidonda vya tumbo, anatumia mikia yake kupenya ule ute mzito wa tumbo mpaka karibu na ukuta wake ambako asidi ni kidogo, anakaa humo miaka na miaka, na mwaka 1994 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililoko Lyon, Ufaransa, likamweka kwenye kundi la vitu vinavyosababisha kansa kwa binadamu. Ya kansa yananipeleka kwa dada wa Mombasa.

SWALI: Mume wangu anavuta sigara miaka mingi, kuacha kumemshinda. Kuna mtu anatuuzia vidonge vya beta karotini na vitamini E, anasema vinazuia kansa ya mapafu. Nimnunulie?

JIBU: Dada yangu, usimnunulie. Nasema hivi kwa uzito wote manake kwa mvuta sigara hiyo beta karotini imeshapimwa, na majibu ni mabaya.

Wazo la mwanzo halikuwa la kijinga, iligundulika wanaokula sana mboga na matunda wanapata kansa ya mapafu kwa uchache, watu wakasema basi tuitoe ile beta karotini, rangi ya njano iliyomo kwenye karoti na mboga ambayo mwili huigeuza vitamini A, tuiweke kwenye kidonge. Finland wakachukua wanaume wavuta sigara 29,133, nusu yao wakapewa miligramu 20 kila siku, na majibu yalipotoka mwaka 1994 waliomeza beta karotini walikuwa wamepata kansa ya mapafu kwa asilimia 18 ZAIDI ya wenzao. Marekani nao walikuwa na utafiti wao, watu 18,314, wavuta sigara, walioacha, na waliofanya kazi na asbesto, wao walipewa beta karotini pamoja na vitamini A, ikabidi ukatishwe Januari 1996 kabla ya muda, kansa ya mapafu imepanda asilimia 28 na vifo asilimia 17.

Vitamini E nayo huko Finland haikuzuia kansa ya mapafu, na kwenye utafiti mwingine mkubwa wa Marekani, majibu ya 2011, wanaume waliomeza uniti 400 kwa siku walipata kansa ya tezi dume kwa asilimia 17 zaidi.

Lakini usije ukaogopa kila vitamini. Linxian, China, sehemu ambayo chakula cha watu kilikuwa na upungufu mkubwa, mchanganyiko wa beta karotini, vitamini E na madini ya seleniamu ulipunguza vifo vya kansa ya tumbo kwa asilimia 21. Aliyepungukiwa anasaidika, aliyeshiba anayevuta sigara halafu anaongezewa dozi kubwa ni habari nyingine kabisa. Kwa hiyo foliki ya mjamzito na matone ya vitamini A ya watoto kliniki endeleeni navyo, na karoti, mchicha, maembe ale tu, shida ni dozi za vidonge siyo sahani.

Kinachomsaidia mume wako ni kuacha, hata baada ya miaka yote hiyo, manake anayeacha, ikifika miaka 10 hatari yake ya kufa kwa kansa ya mapafu inashuka mpaka kama nusu ya anayeendelea. Kushindwa mara ya kwanza ni kawaida sana, aende hospitali aulizie dawa za kusaidia kuacha, ile pesa ya vidonge iende huko. Na kama ana kikohozi kilichopita wiki mbili, au anatoa damu, asingoje, akapimwe wiki hii.