Usinunue hiyo diski mkuu, mimi nilishapigwa

Mkuu USINUNUE. Samahani sijakusalimia ila nimeona umeandika jamaa anasubiri umrushie hela leo jioni, salamu tutapeana baadaye. Unasema umechoka na makelele ya mitandao, kila siku klipu mpya, wimbo mpya, siriz mpya na wiki ikiisha hukumbuki hata kimoja, unatafuta hadithi na sanaa zitakazokaa kichwani, halafu dawa uliyoipata ni diski ya 2TB yenye mafilamu, vitabu vya PDF na "muhtasari wa sauti wa vitabu bora duniani" kwa laki na nusu? Yaani umeshiba mpaka unatapika ndo unaagiza sinia lingine.

Mimi aliyenipiga hakuwa hata muuza diski, alikuwa mwalimu wa hamasa, wale wa suti ya kubana na kiatu bila soksi, ana grupu lake la Telegramu la kulipia na kila asubuhi anatukumbusha kwamba matajiri wanasoma vitabu vingi kuliko sisi ndo maana sisi ni maskini. Kumbe utajiri wake ni ada zetu. Akatufundisha kusikiliza muhtasari kwa spidi mara mbili, kwenye daladala, ukiwa unaosha vyombo, mpaka chooni, na ukimaliza unatupia tiki kwenye grupu wenzio wanakupigia makofi. Nilikuwa natiki mimi aisee, acha kabisa. Wife akisikia ile sauti inavyokimbia anahamia sebuleni. Nikawa najiona msomi, kijiweni sinyamazi, mtu akitaja kitabu chochote namkatisha.

Hela iliyoenda kwenye grupu niliisamehe. Kilichoniuma ni hiki. Mwaka 2021 Abdulrazak Gurnah alipopata Nobeli ya fasihi, mwandishi wetu wa Unguja, kila mtu ghafla akawa mpenzi wa Gurnah, mimi na muhtasari wangu tukiwemo. Mwaka uliofuata Paradise, riwaya yake ya 1994, ikatoka kwa Kiswahili, Ida Hadjivayanis kaitafsiri, inaitwa Peponi. Baada ya hapo nikaitwa usaili redio moja, kipindi cha sanaa na vitabu, kazi niliyoiota tangu nasoma. Kwenye CV nimeandika napenda kazi za Gurnah. Kwenye jopo kulikuwa na mama mmoja wa makamo, mpole, kitenge na miwani, ananiuliza kwa upole kabisa: "Haya mwanangu, kwenye Peponi, mwishoni Yusuf anaelekea wapi?"

Nikajibu bila kupepesa. Nikasema anarudi kwa wazazi wake, wanasameheana, ndo pepo yenyewe hiyo. Nikaongezea na mikono.

Mama akavua miwani. "Hiyo Peponi yako iko mtaa gani?"

Wenzake wakaangalia meza. Kwa ambao hawajasoma: Yusuf ni mtoto aliyetolewa na baba yake kwa mfanyabiashara Aziz kama rehani ya deni, na mwisho wa kitabu jeshi la Wajerumani linapita linazoa watu, limeshaanza kuondoka, na yeye anakimbia kulifuata. Analifuata, hakimbii kujificha! Harudi kwa mama wala nini. Aliyetengeneza ule muhtasari hakusoma, alikisia mwisho unaopendeza akaturekodia kwa sauti nzito, na mimi nikamlipa. Kazi nilikosa, na sitaki kusikia mtu ananiambia haikuwa riziki yangu, riziki ilikuwa yangu ila aliila mtu wa suti.

(Ndio nimeshakuharibia mwisho, na hata usinune, soma mpaka chini.)

Nikaenda TPH, lile duka la vitabu mtaa wa Samora, Dar, nikanunua kitabu chenyewe, kwa hasira tu, nikakisoma mpaka mwisho. Nikakirudia. Na hapo ndo nakuja kwenye jambo lenyewe, mengine uliyouliza yasubiri. Mwanzoni mwa kitabu Aziz akija kuwatembelea, Yusuf anamwita mjomba, na wakati wa kuondoka mjomba anampa sarafu. Mtoto anaisubiri kwa hamu hiyo sarafu. Mara ya kwanza nilipita hapo bila kusimama, nikasema mjomba mkarimu huyu, kama mjomba yeyote anayekuja na mia tano ya pipi. Mara ya pili najua tayari kwamba si mjomba, ni mdai, na deni la baba linaongezeka huku mtoto anachekelea sarafu mkononi. Nilifunga kitabu nikatoka nje kuvuta hewa. Maneno ni yaleyale, ukurasa uleule, hakuna kilichoongezwa. Na hiyo sarafu haijanitoka mpaka leo, wakati zile tiki zangu zote nikikaa hapa nitoe hadithi moja yenye kichwa na miguu siwezi.

Kwa hiyo sheria yangu ni moja na naisimamia hata mkinitukana: hufungui kazi ya pili mpaka ya kwanza umeipitia MARA MBILI. Kitabu, filamu, chochote. Ikishindikana kuirudia kwa sababu inakuchosha, basi umeshapata jibu, haikuwa na kitu, tupa, tafuta nyingine. Hakuna haja ya listi ya mtu. Hayo makelele yote yameundwa upite mara moja uende kwenye kingine, bando likatike, wao wahesabu vichwa. Ukirudia umewaharibia hesabu. Na wale watakaokuja kusema "ukijua mwisho utamu umeisha", bibi zetu walikuwa wanatusimulia sungura na fisi zilezile kila usiku na tulikuwa tunawasahihisha wakiruka sehemu, nani alilalamika kaharibiwa mwisho?

Muziki uliuliza pia. Hivyo hivyo. Achana na vipande vya sekunde thelathini, chukua taarabu asilia moja ya Nadi Ikhwani Safaa, kikundi cha Unguja cha tangu 1905, usikilize wimbo mzima umekaa chini, vinanda vinapiga mpaka chai inapoa ndo mwimbaji anafungua mdomo, na ukiisha unaanza tena. Mara ya pili ndo utasikia fidla inamjibu nini.

Uliuliza na tableti gani sijui, na watoto, hayo wadau wengine watakusaidia, mimi nimeandika huku najificha kazini.

Hiyo laki na nusu toa ya kitabu kimoja tu, nyingine rudisha kwenye bajeti ya nyumbani kabla hujaulizwa. Ukimaliza mara ya kwanza usije hapa, sitaki kusikia. Njoo baada ya mara ya pili uniambie kwa nini Yusuf alikimbilia kule badala ya kurudi ndani, mimi nina jibu langu na yule mama nasikia ana la kwake, na la kwake naona si sahihi.